Mtapo wa Nduye, Panya wa Maabara na Saratani Inayohamia Kwenye Ini

Tarehe 10 Aprili 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba itapunguza hatua kwa hatua majaribio ya wanyama kwa dawa za aina ya kingamwili, na kutegemea zaidi programu za kompyuta na tishu za binadamu zinazokuzwa maabara. Watetezi wa wanyama walishangilia. Lakini uamuzi huo unaigusa saratani pia, maana dawa kadhaa za saratani ya utumbo mpana ni za aina hiyo hiyo.

Watu wa Ituri na Kivu Kaskazini wana haki ya kutia neno katika mjadala huu. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, dawa nne zilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kwa wagonjwa 681, na zote nne zilikuwa zimefaulu kwa nyani wa maabara. Kwa watu, karibu nusu ya waliopewa ZMapp walifariki, na waliopewa remdesivir walizidi kidogo nusu. Waliopewa mAb114 au REGN-EB3 walifariki kama theluthi moja tu. Nyani walizipasisha zote. Watu ndio waliozitenganisha. Hata hivyo, REGN-EB3 isingekuwapo bila panya, kwa sababu ilitokana na panya waliotiwa jeni za kinga za binadamu. Kwa hiyo anayesema mnyama hana kazi amekosea, na anayemwamini mnyama peke yake amekosea zaidi.

Wasomaji wa mfululizo huu wamekwisha kuona jinsi kivimbe kidogo kwenye ukuta wa utumbo mpana kinavyogeuka saratani kwa miaka mingi. Sehemu hii inahusu saratani inavyotoka utumboni na kwenda kukaa kwenye ini, na mnyama gani anaweza kuonyesha safari hiyo. Lakini mnyama wa kwanza katika hadithi hii hakutafutwa kwa ajili ya saratani kabisa. Alilishwa mmea.

Katika miamba ya granite inayochomoza msituni upande wa Nduye, territoire ya Mambasa, huota mmea unaofanana na mchikichi mfupi, lakini si mchikichi. Hauna maua, huzaa koni nzito, na ukoo wake ulikuwapo duniani kabla ya mimea yote yenye maua. Wataalamu Bamps na Lisowski waliuandika kwa jina la Encephalartos ituriensis mwaka 1990. Ndugu yake wa pwani ya Kenya na Tanzania ni mtapo.

Ukoo mzima wa mitapo una sumu. Katika kisiwa cha Guam, bahari ya Pasifiki, Wachamorro walikuwa wakila unga wa mbegu za mmea wa ukoo huu baada ya kuzikata na kuziloweka siku nyingi, wakibadilisha maji kila mara. Kisiwani humo palikuwa na ugonjwa wa neva uliopoozesha watu wengi kupita kawaida. Daktari Leonard Kurland na mtaalamu wa lishe Marjorie Whiting wakaushuku unga huo. Mpatholojia Gert Laqueur, katika taasisi za afya za Marekani, akawalisha panya unga wa mbegu ambazo hazikuloweshwa ili aone kama watapooza. Hawakupooza jinsi ilivyotarajiwa. Waliota uvimbe: kwenye ini, kwenye figo, na baadaye kwenye utumbo. Taarifa ya kwanza ilitoka mwaka 1963.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kufundishwa katika kila shule ya Bunia. Mwaka 1964 Laqueur alichukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja tumboni, akawapa sumu ile ile, iitwayo saikasini. Hawakupata kitu. Saikasini yenyewe ni kama kisu kilicho ndani ya ala. Bakteria wa utumboni ndio wanaokichomoa, wakiachia kemikali iitwayo MAM inayoharibu jeni za seli. Miongo kadhaa kabla ya magazeti kuanza kusifu bakteria wa tumboni, panya walikwisha kutoa ushahidi.

Mwaka 1967 Mjerumani Druckrey alionyesha kwamba dimethilihidrazini, ambayo mwilini hugeuka kuwa MAM hiyo hiyo, huwapa panya saratani ya utumbo mpana. Azoksimethani, iliyo hatua ya katikati ya mgeuko huo, hadi leo ndiyo sindano ya kawaida ya maabara.

Lakini saratani ya panya hawa mara chache husambaa. Hali ni hiyo kwa panya maarufu aitwaye Min, aliyetangazwa na Moser, Pitot na Dove wa Wisconsin mwaka 1990, mwenye kasoro katika jeni ya Apc. Vivimbe vyake hujaa kwenye utumbo mwembamba badala ya utumbo mpana, naye hufa akiwa na miezi michache, kabla saratani haijapata muda wa kuhama.

Ndiyo maana watafiti hutumia njia ya mkato. Mwaka 1969 huko Copenhagen, Rygaard na Povlsen walipandikiza saratani ya utumbo mpana ya mgonjwa kwenye panya uchi, panya asiye na manyoya wala tezi ya thaimasi, ambaye mwili wake haukatai nyama ya kigeni. Miaka ya 1980 kundi la Isaiah Fidler, Houston, lilidunga seli za saratani za binadamu kwenye wengu wa panya kama hao. Damu ya wengu huingia kwenye mshipa ule ule unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, na huko seli zikaota. Mapema zaidi, mwaka 1970, Fidler alikuwa ameonyesha kwa saratani nyingine, ya ngozi, kwamba seli zinazoishi hadi kuunda uvimbe mpya hazifiki 1 katika kila 1,000 zinazoingia kwenye damu.

Ila sindano huruka nusu ya safari. Haionyeshi seli inavyojing'oa ukutani, na panya uchi hana seli T, kwa hiyo hawezi kupima vizuri dawa zinazoamsha kinga. Tangu 2017 vikundi kadhaa hupanda oganoidi, vipande vidogo vya utumbo vilivyokuzwa maabara, ndani ya utumbo mpana wa panya, na baadhi huhamia kwenye ini vyenyewe. Hiyo ni hatua kubwa. Na bado inamhitaji panya, FDA ipende isipende.

Jambo moja halitoki maabara: swali lenyewe. La Guam lilitoka kwa watu waliokula unga. La Afrika lilitoka hapa jirani, katika hospitali ya Kuluva karibu na Arua, ng'ambo ya mpaka wa Aru, ambako Dk. Ted Williams aliandika wagonjwa wake wa saratani kwa uangalifu daftarini. Oktoba 1961 alisafiri na madaktari wenzake Denis Burkitt na Cliff Nelson kilomita zipatazo 16,000 wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Walifuata saratani ya taya ya watoto, lakini mazoea hayo ya kuuliza yalimfikisha Burkitt, mwaka 1971, kwenye hoja kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu panapoliwa vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mwaka 2015 kundi la mtafiti O'Keefe lilibadilisha chakula kati ya Wamarekani Weusi na wanakijiji wa Afrika Kusini kwa wiki mbili tu, na dalili za hatari utumboni zikabadilika pande zote mbili. Mzazi wa Bunia anayeona sombe na maharage ni aibu ya maskini, akakimbilia soseji, na asome sentensi hiyo mara ya pili.

Hospitali za Ituri ziandike kila saratani ya utumbo: umri, kijiji, chakula, na kama ini limeshaguswa. Kipande kinachokatwa na mpasuaji kipelekwe kupimwa, kisitupwe. Na msomaji anayeona damu kwenye choo asijitibu minyoo mwezi baada ya mwezi. Aende hospitali wiki hii.