Vichaka vya Ukame na Tumbo la Mwanakondoo

Mwanakondoo huzaliwa na tumbo lenye vyumba vinne, ila kinachofanya kazi mwanzoni ni kile cha kusaga maziwa. Rumeni, chumba kilicho kikubwa kuliko vyote ukubwani, hukomaa kadiri anavyojifunza kutafuna majani, na afikapo miezi 2 hivi huweza kumtegemeza. Humo bakteria huvunja nyuzinyuzi, nao huishi kwa nitrojeni itokayo kwenye protini ya malisho. Nyasi za kiangazi aghalabu zina protini chini ya asilimia 7. Hapo bakteria hudhoofika, chakula hukawia kusagika, na mnyama hukonda tumbo likiwa limejaa. Mwanakondoo anayekua huhitaji asilimia 15 hivi.

Vichaka huziba pengo hilo kwa kuwa mizizi yake hufikia maji yasiyofikiwa na nyasi. Majani ya lusina yana protini zaidi ya asilimia 20. Wafugaji wa Turkana, kwa upande wao, wamezoea kukusanya maganda ya mgunga na kuyaweka akiba ya kiangazi.

Hata hivyo, kichaka hujilinda. Majani mengi yana tanini, kemikali chungu inayoshikamana na protini. Ikiwa kidogo huwa na faida: protini hupita rumeni salama na kusagwa mbele, na minyoo hupungua. Ikizidi, hamu ya kula hupotea. Mbuzi huistahimili kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha mbuzi hakifai kuhamishiwa kwa kondoo hivi hivi. Lusina nayo ina mimosini, inayoweza kunyofoa manyoya na kuvimbisha tezi ya shingo. Ni busara isizidi theluthi ya mlo. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Australia walichukua kutoka kwa mbuzi wa Hawaii bakteria wanaoivunja sumu hiyo, wakawapandikiza kwenye mifugo yao.

Mathenge, mti ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ni funzo gumu zaidi. Maganda yake yana sukari na protini, lakini wakazi waliyalaumu kwa kuharibu meno ya mbuzi. Katika kesi yao ya mwaka 2006 walimpeleka hadi mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno. Maganda yakilishwa mazima, mbegu hupita tumboni bila kufa na kuota kwenye samadi. Kuyasaga kabla ya kulisha huziponda mbegu.

Mjini hatari ni nyingine. Ukame ukizidi, wafugaji huswaga mifugo hadi Nairobi, na anayefuga kondoo wachache karibu na mtaa wa Fedha hushawishika kukata ua wowote ulio kijani. Lantana, iliyozagaa kando ya nyua na barabara, huharibu ini la kondoo na kufanya ngozi iungue juani. Mwanakondoo mwenye njaa hula hata asichokipenda, kwa hiyo majani mapya hutolewa kidogo kidogo kwa wiki 2 hivi, pamoja na nyasi kavu na maji ya kutosha.