Je, Wajua? Fumbo la hisabati lilitatuliwa mtandaoni

Je, wajua kwamba mwaka 2009 watu kutoka nchi mbalimbali walithibitisha kwa njia mpya nadharia ngumu ya hisabati kwa kujadiliana kwenye intaneti?

Aliyewaita ni Timothy Gowers, wakati huo profesa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Masharti yake yalikuwa mepesi: toa wazo likingali bichi, kwa maneno machache na kwa adabu, usijifungie nalo peke yako.

Bingwa wa hisabati Terence Tao alichangia bega kwa bega na mwalimu wa sekondari kutoka Marekani. Mmoja akiteleza, mwingine alimsahihisha hadharani.

Haikutimia miezi miwili, jibu likapatikana. Makala yao ilitoka mwaka 2012 katika jarida la Annals of Mathematics, kwa jina moja la kubuni: D.H.J. Polymath. Mjadala wenyewe, pamoja na makosa yake, bado unasomeka mtandaoni.