Kompyuta ya gemu kwa mtaji mdogo: Soketi ndiyo inayoamua faida

MFANYABIASHARA anayeunganisha kompyuta ya gemu kwa mtaji mdogo mara nyingi huanza kwa kutafuta bei. Huzunguka maduka, hupatana kwa kila kifaa, na mwisho hujikuta na prosesa aliyoipata rahisi, madabodi aliyoipata rahisi na RAM aliyoipata rahisi, lakini vitatu hivyo havikubali kufanya kazi pamoja. Hapo mtaji umelala.

Hasara ya namna hii huwapata zaidi watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye banda la gemu anayetaka kutoka kwenye PlayStation na kuweka kompyuta tatu au nne. Wa pili ni muuzaji wa rejareja wa Kariakoo au Luthuli Avenue anayeagiza vifaa kimoja kimoja kutoka Dubai, hasa kwenye maduka ya mtaa wa Khalid Bin Al Waleed. Kwa wote wawili, kifaa kisichooana na vingine ni vigumu kukirudisha. Aliyekiuza yuko ng'ambo, na kifaa chenyewe hakina kasoro yoyote.

Kinga yake ni kununua kwa mpangilio. Kila kifaa kinachonunuliwa hupunguza uchaguzi wa kile kinachofuata, kwa hiyo anayeanza na kifaa sahihi huokoa fedha kabla hajafika kwenye kupatana bei.

SOKETI KWANZA

Soketi ni mahali prosesa inapokaa kwenye madabodi. Kila soketi hupokea jamii yake ya prosesa tu. Soketi pia huelekeza aina ya RAM itakayotumika. Mnunuzi aliyekwisha kuchagua soketi amechagua karibu nusu ya kompyuta.

Kwa bajeti ndogo, soketi zinazofaa kufikiriwa ni tatu. AM4 ya kampuni ya AMD ilitoka mwaka 2016 na kupata umaarufu kwa prosesa za Ryzen mwaka 2017. Hutumia RAM ya DDR4. LGA 1700 ya Intel ilianza mwaka 2021 na hupokea prosesa za Core za kizazi cha 12, 13 na 14. Madabodi zake ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na mnunuzi lazima asome kwenye boksi ajue anachukua ipi. AM5 ya AMD ilitoka mwaka 2022 nayo haitumii RAM nyingine ila DDR5.

DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, na kwa mbali zinafanana. Hata hivyo, pengo lililokatwa katikati ya pini haliko mahali pamoja, na RAM ya aina moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Anayelazimisha huvunja sloti na kupoteza madabodi.

Suala hili lina uzito zaidi kutokana na hali ya soko la dunia. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kujitoa katika biashara ya RAM na diski za Crucial kwa wateja wa kawaida. Mfanyabiashara mwenye akiba ya DDR4 dukani, au mwenye uwezo wa kuzitoa kwenye mashine kuukuu, ana sababu nzuri ya kubaki kwenye AM4 au kuchukua LGA 1700 ya DDR4.

SOKETI MOJA, VIZAZI VISIVYOPATANA

Mtego mkubwa zaidi uko pale soketi inapolingana kwa jina lakini prosesa isiwake. Mfano unaojulikana ni LGA 1151 ya Intel. Soketi hiyo ilitumika kwa kizazi cha 6 na cha 7, kisha ikatumika tena kwa kizazi cha 8 na cha 9. Prosesa ya Core i5-7500 na ya Core i5-8400 zote hukaa kwenye soketi ya jina hilo. Lakini madabodi ya B250 haiendeshi i5-8400, wala madabodi ya B360 haiendeshi i5-7500.

Kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika, tofauti hiyo ndiyo faida au hasara. Chukua mfano wa mtu aliyenunua madabodi kumi za B250 kwa mkupuo kwa kuwa zilikuwa rahisi, akitegemea kuziwekea prosesa za kizazi cha 8. Mzigo wote utasubiri hadi apatikane mteja mwenye prosesa za kizazi cha 6 au cha 7, na bei itapangwa na mteja huyo.

AM4 nayo ina masharti yake. Madabodi za B450 zinaweza kuendesha Ryzen 5 5600, lakini nyingi zilitoka kiwandani kabla ya prosesa hiyo kuwapo. Zinahitaji BIOS mpya. Muuzaji asiye na prosesa ya zamani ya kuwashia madabodi ili aiwekee BIOS hiyo anaweza kudhani ameuziwa bodi mbovu. Baadhi ya madabodi zina kitufe cha kuweka BIOS kwa kutumia flashi bila prosesa, na hizo zinafaa kulipiwa kidogo zaidi. Kwa upande mwingine, madabodi za B550 na A520 hazikutengenezwa kwa ajili ya Ryzen za mfululizo wa 1000 na 2000.

HERUFI MOJA, GHARAMA KUBWA

Herufi iliyo mwisho wa jina la prosesa si pambo. Core i3-12100F na Core i5-12400F zina herufi F, maana yake hazina grafiki za ndani. Ryzen 5 5600 pia haina, lakini Ryzen 5 5600G inazo. Kompyuta yenye prosesa isiyo na grafiki za ndani haitoi picha kwenye skrini mpaka iwekewe kadi ya grafiki.

Kwa anayenunua kila kitu siku moja, herufi F ni nafuu ya bei. Kwa anayejenga polepole, mwezi huu prosesa na mwezi ujao kadi, ni afadhali achukue yenye grafiki za ndani. Mashine itaanza kufanya kazi za kawaida na gemu nyepesi huku fedha za kadi zikitafutwa. Aidha, kadi ikiharibika, mashine haizimiki kabisa.

RAM nayo inunuliwe kwa jozi. Vijiti viwili vya GB 8 huipa prosesa njia mbili za kupitishia data, wakati kijiti kimoja cha GB 16 huacha njia moja wazi. Kwa mashine inayotegemea grafiki za ndani, tofauti hiyo huonekana wazi kwenye gemu.

UMEME HAUNA UTANI

Pawa saplai ndicho kifaa ambacho wengi hukinunua mwisho kwa chenji iliyobaki. Hesabu yake ni rahisi. Ryzen 5 5600 imepangiwa wati 65. Kadi ya Radeon RX 6600 imepangiwa wati 132. Jumla ni 197. Madabodi, RAM, diski na feni vikipewa wati 60, mashine inafika wati 257. AMD hupendekeza pawa saplai ya wati 450 kwa kadi hiyo, na nafasi inayobaki ndiyo inayobeba mishtuko ya matumizi gemu inapokuwa nzito.

Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko peke yake hazitoshi. Mnunuzi ahesabu pia nyaya. Kadi inayodai plagi ya pini 8 haitaridhika na pawa saplai yenye plagi ya pini 6 tu. Kwa pawa saplai kuukuu zenye swichi ya 115 na 230 nyuma, swichi ithibitishwe iko 230 kabla ya kuchomekwa ukutani. Nchi za Afrika Mashariki hazitumii umeme wa volti 115.

KOMPYUTA ZA OFISI

Njia inayowavutia wengi ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika na kuiongezea kadi ya grafiki. Hesabu inaweza kutoka vizuri, kwa sharti kwamba mnunuzi anajua mipaka ya mashine hiyo.

Dell OptiPlex 7020 na 9020, kwa mfano, hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi. Zinatumia ya pini 8. Pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii bila waya wa kubadilishia. Kwa hiyo kadi inayochaguliwa ni ile inayotosheka na umeme wa sloti yenyewe, ambao kikomo chake ni wati 75. GeForce GTX 1650 iliyotoka Aprili 2019 ni ya kundi hilo, ingawa baadhi ya matoleo yake hudai plagi ya ziada, hivyo kila moja ikaguliwe. Kama kasha ni lile jembamba, kadi nayo iwe fupi kimo, na iwe na kibati kifupi cha kufungia.

Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53 tu na hupatikana kwa kimo kifupi. Lakini ina njia nne tu za PCIe. Kwenye madabodi za zamani za PCIe 3.0 kasi yake hupungua, na baadhi ya gemu huanza kukwama. Bei yake isimshawishi mnunuzi kabla hajaangalia madabodi itakakokaa.

Jambo jingine ni Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. OptiPlex 9020 ni ya kizazi cha 4. Gemu ya Valorant ikichezwa kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa. Mwenye banda ambaye wateja wake wanacheza Valorant asinunue mashine kwa kuangalia rangi ya kasha.

MGAWANYO WA MTAJI

Katika kompyuta ya gemu, kadi ya grafiki ndiyo inayostahili fungu kubwa. Theluthi moja ya fedha hadi karibu nusu ni mgawanyo unaofaa, kisha prosesa na madabodi, halafu RAM, diski na pawa saplai. Kasha huja mwisho, mradi madabodi na urefu wa kadi vinaenea ndani yake.

Skrini nayo iingie kwenye hesabu. Skrini ya kawaida ya 1080p yenye kasi ya Hz 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, wala si zaidi. Mwenye banda aliyeweka skrini za namna hiyo akanunua kadi ya kutoa picha 150 kwa sekunde amelipia kitu ambacho mteja wake hatakiona.

Wanaonunua kadi zilizotumika wawe na hadhari. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikaingia sokoni. Nyingine bado nzima, lakini feni zake zimechoka. Kadi ijaribiwe kwa gemu nzito walau nusu saa mbele ya muuzaji kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Pini nazo zikaguliwe. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa. Kwenye soketi za LGA ziko kwenye madabodi. Pini moja iliyopinda inaweza kuua sloti ya RAM au kuizuia mashine isiwake, na muuzaji akishapokea fedha ni vigumu kuthibitisha nani aliyeipinda.

ORODHA YA KUTEMBEA NAYO

Mnunuzi anayekwenda sokoni, au anayetuma mtu Dubai, aandike mambo saba kwenye karatasi moja: jina kamili la prosesa pamoja na herufi yake ya mwisho, jina la madabodi na toleo la BIOS linalohitajika, aina ya RAM na idadi ya vijiti, jina la kadi, wati zake na plagi zake, urefu wa kadi kwa milimita, wati na nyaya za pawa saplai, na ukubwa wa kasha. Majina hayo yalinganishwe na orodha ya prosesa ambayo mtengenezaji wa madabodi huitoa kwa kila bodi. Kazi hiyo haichukui saa moja, wala haina malipo.

Wauzaji wanaofanya hivyo kwa kila mzigo hujua pia vifaa gani vimekaa rafuni bila mwenzake, na safari inayofuata huagiza kile kinachokosekana ili jozi iuzike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii, madabodi iliyokaa rafuni mwaka mzima ikisubiri prosesa yake ni mali ya namna hiyo.