Ukitaka kupiga picha ya treni, uwe mlinzi kwanza?

Washikaji wa Masasi na Newala, hebu tuulizane kabla hatujafika mbali: nani kati yetu amewahi kuona treni bila kwanza kupanda basi kwenda Dar? Shusheni mikono, waongo nyie. Huku kwetu treni ni kitu cha kwenye TV.

Lakini hapa Masasi treni lilifika, msicheke. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu za mashamba. Ili karanga zifike baharini ikabidi ijengwe reli, pamoja na bandari mpya Mtwara. Karanga zikagoma, mpango ukafa 1951. Reli yenyewe ikaendelea kujengwa, ikafika Mtwara, na tawi lake likaja mpaka Masasi. Biashara haikulipa. Mwaka 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Leo mwambie kijana wa stendi kuwa treni lilipiga honi hapa, atakuuliza umekunywa nini. Babu mmoja wa kijiweni kwetu anaapa alilipanda. Tukamwambia, "Babu, tuonyeshe basi hata picha." Hana. Mjadala ukaishia hapo, na mzee wa watu akaonekana mzushi.

Sasa ishu yangu ya wiki hii ni hiyo hiyo, picha.

Kuna watu duniani ugonjwa wao ni treni. Si wafanyakazi wa reli. Anaweza kuwa mwalimu, fundi au mstaafu, lakini Jumamosi anabeba chakula na kamera, anakaa kando ya reli tangu asubuhi kusubiri injini fulani ipite, aipige picha na kuandika namba yake kwenye daftari. Uingereza na Marekani wamejaa. Wana klabu zao na majarida yao. Hawaibi, hawagombani na mtu, wake zao ndio wanaowalalamikia.

Noma ilianza baada ya Septemba 11, 2001. Machi 11, 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid, Hispania, yakaua watu zaidi ya 190. Julai 7, 2005 ikawa zamu ya London, treni tatu za chini ya ardhi na basi moja, wakafa watu 52. Mtu mwenye kamera stesheni sasa haulizwi unapiga picha nini, anaulizwa umetumwa na nani.

Pale New York, shirika la usafiri lilipendekeza mwaka 2004 kupiga marufuku picha kwenye treni za chini ya ardhi. Wapiga picha wakaja juu, wengine wakapanda treni hizo na kamera zao kuonyesha kuwa wamekataa. Mwaka 2005 pendekezo likatupwa. Lakini kufuta pendekezo ni kitu kimoja, na kumfuta askari wasiwasi ni kingine. Desemba 2008, katika stesheni ya Penn hapo hapo New York, polisi wa shirika la treni la Amtrak walimkamata mtu akipiga picha za treni. Sasa sikia utamu: Amtrak wenyewe walikuwa wametangaza shindano la picha za treni zao, na jamaa alikuwa anatafuta picha ya kushindania!

Sasa njoo kwenye dili lenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya BNSF, moja ya makampuni makubwa ya treni za mizigo Marekani, ilianzisha mpango uitwao Citizens for Rail Security, maana yake raia kwa usalama wa reli. Mpenda treni anajiandikisha, anapewa kadi na namba ya simu. Akiona kitu asichokielewa relini, anapiga. Halipwi hata senti. Na kadi haimpi ruhusa ya kukanyaga eneo la kampuni, anabaki nje kama kawaida yake.

Kwa nini wakubali kazi ya bure? Kwanza, wanaipenda reli kwa dhati, na wanaijua. Mtu aliyekaa sehemu moja miaka kumi anajua lipi geni kuliko mlinzi aliyeletwa jana. Pili, walikuwa na hesabu zao: tukiwa macho ya kampuni, labda kamera zetu zitaachwa kwa amani.

Wengine wakagoma. Hoja yao ni nzito. Kupiga picha ukiwa barabarani, mahali pa umma, Marekani tayari ni haki ya kila mtu. Sasa kwa nini uilipie kwa kulinda mali ya tajiri? Halafu yule asiye na kadi atakuwa nani? Si ndiyo atageuka mshukiwa?

Najua utasema hayo ni ya Wazungu. Tulia. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, macho yanashuka bondeni mpaka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Ng'ambo hiyo, mkoa wa Cabo Delgado, vita imekuwapo tangu 2017. Oktoba 2020 wavamizi walivuka wakaingia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua watu. Na madaraja nayo hupigwa kweli: mwaka 1979 makomandoo wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA la Chambeshi, Zambia. Kwa hiyo anayelinda Daraja la Umoja pale Mtambaswala simwiti mwoga. Ana sababu.

Ila woga una tabia ya kutambaa. Unaanzia darajani, unafika stendi, unafika gulioni. Mimi mwenyewe mwaka juzi, kwenye stendi moja ambayo sitaitaja, mgambo alininyang'anya simu kwa kupiga picha ya magunia ya korosho juu ya basi. "Nani kakutuma?" Nikamwambia mjomba, nimetumwa na mhariri. Akaifuta picha, tena akafuta na za harusi ya dada yangu. Hakukuwa na bango, wala hakuniambia sheria gani.

Ulinzi wa raia tunao zamani. Sungusungu, ulinzi shirikishi, wote tunawajua. Wakiwa wasikivu, mtaa unalala usingizi. Lakini tunajua pia kitambulisho kikiingia mfukoni mwa mtu fulani, kesho yake kinaota pembe, anakagua mpaka sufuria za watu.

Kwa hiyo msimamo wangu huu hapa. Mpenda treni akiona mtu anafungua mataruma ya reli, apige simu, na angepiga hata bila kadi. Huo ni ujirani mwema. Lakini picha ya mahali pa umma isiwe zawadi ya kujitolea. Penye sababu ya kukataza, liwekwe bango watu wasome. Pasipo bango, mlinzi amwache mtu na kamera yake. Mwenye nia mbaya leo anapiga picha kwa simu mfukoni, hakai kandoni na daftari na chapati tangu asubuhi.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma, watu walijipiga picha mpaka betri zikazima, na nchi haikuanguka. Huku kwetu reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imezungumzwa miaka nenda rudi. Siku ikija kweli, nataka kila kijana awe kandoni na simu yake juu, ili mjukuu wake asije akamwita mzushi kama tulivyomwita yule babu.

Haya, Newala mpo? Masasi je? Tukutane wiki ijayo.