Injini Inapotema Oili

Oili inapovuja kwenye mpira wa kupumulia wa injini ya gari, fundi mwenye pupa huubadilisha mpira na kudhani kazi imekwisha. Yafaa kwanza kuuliza: ni nini kinachoisukuma oili hiyo?

Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka chini penye oili. Mpira wa kupumulia huzitoa. Gesi zikizidi, au mpira ukiziba, kanieneo huongezeka na kuisukuma oili nje.

Uwanda wa kati, toka Dodoma hadi Singida, huwa na kiangazi kirefu, takriban Mei hadi Novemba. Vumbi lake lina chembe za mchanga wa kwatsi, ulio mgumu kuliko chuma cha kawaida. Kichujio cha hewa kikipasuka, chembe hizo husaga ringi za pistoni, na gesi zinazopenya huongezeka.

Uchunguzi hufuata hatua. Gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa, oili hupimwa. Ikizidi alama ya juu, hupunguzwa. Kisha mpira huvuliwa, husafishwa na kukazwa upya, uliopasuka hubadilishwa. Uvujaji ukiendelea, mgandamizo wa kila silinda hupimwa. Mgandamizo hafifu ukipanda baada ya silinda kutiwa oili kijiko kimoja, kasoro imo katika ringi. Usipopanda, hushukiwa vali au gasketi.

Ringi zilizochakaa haziponi kwa mpira mpya. Anayepuuza dalili hiyo huenda akaishiwa oili njiani, na injini ikasagika. Kichujio kizima ni kinga iliyo rahisi zaidi.