Utakatifu una wenyewe? Kaulize Butiama

Hebu simama stendi ya Bunda saa ya mabasi ya Mwanza, kisha tangaza kwa sauti kwamba unataka kuwa mtakatifu. Nakuhakikishia utazungukwa. Mpiga debe atakuuliza kama umekula, dada wa mahindi ya kuchoma atakuonea huruma, na jamaa wa bodaboda ataapa kwamba umechanganyikiwa.

"Kaka, utakatifu una wenyewe," mshikaji wangu mmoja wa pale Bunda alinijibu nilipomchokoza. "Mapadri na masista. Sisi wengine tunatafuta ugali."

Usimcheke, msomaji wangu. Vijana wengi wa mjini ndivyo tunavyofikiri, ila yeye kasema waziwazi. Tumeugawa wiki yetu mafungu mawili. Jumapili ni ya Mungu: suti, gauni la kitenge, kwaya, sadaka. Jumatatu mpaka Jumamosi ni ya kwetu wenyewe, na huko Mungu tunamwomba asichungulie.

Nenda Mwigobero pale Musoma, kwenye dagaa na sangara, uone. Yupo kijana anayeimba sauti ya tatu kanisani mpaka akina mama wanalia. Kesho yake kopo lake la kupimia dagaa lina kitako kilichobonyezwa ndani. Mteja anadhani kapata kopo zima, kumbe kapigwa changa la macho. Ukimuuliza atakwambia biashara ndivyo ilivyo. Amekariri zaburi, lakini kopo hajalinyoosha.

Sasa mimi nauliza: utakatifu ni nini hasa? Na kwa nini mkoa wa Mara ndio mahali pazuri pa kuuliza swali hili?

MTU WA KWENU

Kwa sababu, bwana wee, katika mkoa huo huo amezikwa mtu ambaye Kanisa Katoliki linamchunguza kwa suala hili hili. Hakuwa padri wala bruda. Alikuwa mwalimu, mume wa mtu, baba wa watoto wanane, mkulima na mwanasiasa. Ndiyo, Mwalimu Julius Nyerere.

Mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma, na mwaka 2005 akapewa jina la Mtumishi wa Mungu. Usidhani hapo ndipo mwisho. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Baada yake Kanisa hutazama kama mtu aliishi fadhila za kishujaa: imani, matumaini, upendo, haki, kiasi na nyinginezo. Husomwa alichoandika, huulizwa waliomjua. Kisha hutafutwa muujiza ndipo aitwe Mwenye Heri, na mwingine tena ndipo aitwe Mtakatifu. Hakuna njia ya mkato hapo, wala hapatolewi kitu kidogo.

Wenzetu wa Uganda wana mashahidi wao wa Namugongo, ambao wengi wao walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Kifo chao kinajieleza chenyewe. Lakini mtu aliyekufa kitandani hospitalini London, tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77, utampimaje? Huyo huna njia nyingine ila kumpima kwa siku zake za kawaida.

HAKUZALIWA MKRISTO

Hapa ndipo wengi hawajui. Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristo. Baba yake alikuwa na wake wengi. Mwaka 1934 alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, na katika miaka hiyo akaanza kwenda kujifunza dini misheni ya Nyegina, nje kidogo ya mji.

Alibatizwa huko huko Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21 na tayari ni mwanafunzi wa Makerere. Piga hesabu mwenyewe. Alikuwa umri wetu sisi! Wala hakubebwa mgongoni kwenda kubatizwa. Alifikiri, akasoma, akasubiri, ndipo akaamua.

Mwaka 1955 aliacha ualimu wa Pugu kwa sababu ya siasa, mshahara ukakatika, akarudi Butiama. Unajua alifanya nini? Alimfundisha Kizanaki Padri Arthur Wille wa Maryknoll, akawa pia anatafsiri maandiko ya dini kwa lugha ya kwao. Hasira za kukosa kazi hakuzipeleka kilabuni.

Na uzeeni, wakati wastaafu wengi wanahesabu mashamba yao, yeye aligeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili. Zilichapishwa mwaka 1996 na Benedictine Publications Ndanda–Peramiho. Hebu fikiria kukaa na kitabu kizima cha Mathayo, unapima mizani na vina, ubeti baada ya ubeti. Kazi hiyo haina makofi.

ASILIMIA 20

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nao wakasema: mbona wakubwa wanalipwa minono, sisi ndio tuambiwe tujinyime?

Mwalimu aliwaka. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao, na kama adhabu ile ilikuwa ya haki watu wanabishana mpaka leo. Lakini lile neno la mishahara halikumpita. Alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wa vigogo wengine serikalini nao ukapunguzwa. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, kiongozi akakatazwa kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba.

Unaona? Aliambiwa ukweli na watu aliokuwa amewakasirikia, na bado akauchukua. Mimi na wewe tukiambiwa ukweli na adui, tunatafuta kwanza kosa la adui.

LAKINI ALIKOSEA!

Nasikia unanong'ona: acha hizo, huyo huyo si ndiye aliyekuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi? Kweli, ilipitishwa mwaka 1962. Na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 je, si watu walihamishwa kwa nguvu, wengine nyumba zao zikachomwa? Kweli tupu. Wapo wazee, hata huko huko Mara, waliohamishwa, na machungu yao hayafutwi kwa ibada.

Ndiyo maana wapo Wakristo wazuri tu wanaosema huyu mtu asifikishwe altareni. Wana haki ya kuuliza, na mchakato wenyewe unataka maswali kama hayo yaulizwe.

Ila tusichanganye mambo mawili. Kuwa mtakatifu siyo kutokosea. Angekuwepo wa namna hiyo, asingehitaji kitubio. Kinachotazamwa ni mtu alifanya nini na nafsi yake kila siku, na alipokosea alisimama upande gani. Mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, Mwalimu alisema mbele ya mwandishi wa habari kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Taja wakubwa wangapi unaowajua wanaosema hivyo wakiwa bado kwenye kiti.

Kanisa likimtangaza au lisipomtangaza, hiyo ni kazi ya Roma. Somo tunalo tayari.

TUFANYEJE SASA?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliandika mwaka 1964 kwamba wabatizwa wote wanaitwa kwenye utakatifu, wenye ndoa, wafanyakazi, wajane, wagonjwa, kila mmoja mahali pake. Kwa hiyo hoja ya mshikaji wangu wa Bunda ilishajibiwa zamani. Utakatifu hauna wenyewe. Ugali anaoutafuta ndio hasa uwanja wake.

Muuza dagaa, utakatifu wako uko kwenye kopo. Wa bodaboda, uko kwenye ile simu aliyoisahau abiria. Karani, uko kwenye faili ulilolificha ukisubiri chai. Na wewe unayemwita binti wa watu "mchumba" mwaka wa nne sasa, wako unaujua, sitakusemea.

Mwalimu alijikata asilimia 20 mahali palipouma, mfukoni. Wiki hii chukua karatasi, andika mahali pamoja ambapo wewe nawe utajikata. Usimwonyeshe mtu. Jumatatu ikifika, anza.

Kazi kwako.