Mashua Yenye Mawe

Paukwa! Pakawa.

Sogeeni, wajukuu. Omena wameshaanuliwa Marenga, na mimi sina haraka.

Mnaiona mashua ile? Imetiwa mawe upepo usiichukue. Ndani ya damu yenu pia zimo mashua kama hiyo, ila ndogo hata hadubini ya shule haizioni. Zimo katika seli T, askari wa mwili. Wataalamu huziita NFAT, jina lisilo na utamu wowote, lakini ndilo lenyewe. Mawe yake ni fosfeti.

Askari akigundua mgeni, kalsiamu humfurika ndani kama Nzoia inavyofurika Budalang'i mvua ikinyesha Cherangani. Furiko hilo humwamsha mchukuzi aitwaye kalsineurini, naye huyapakua mawe. Mashua ikishakuwa nyepesi, huvuka hadi kwenye kiini cha seli, zinakokaa jeni, ikaiamsha jeni ya intalukini-2. Hapo mbiu imepigwa! Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, mara jeshi zima.

Jeshi hilo hutuokoa na virusi. Balaa ni pale mtu anapopandikizwa figo ya dada yake, kama wafanyavyo kule Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi. Mwenyewe anashukuru. Askari wake hawajui undugu; kwao figo hiyo ni mgeni wa kushambuliwa.

Sasa, mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz ya Uswisi, akiwa likizoni Norwe, alichota udongo akarudi nao. Ndani yake mlikuwa na kuvu. Mwaka 1972 maabara ya kampuni hiyo ikagundua kwamba kuvu hiyo ina kitu kinachowatuliza askari bila kuwaua: siklosporini. Nami ujanja wake naupenda sana. Peke yake haiwezi lolote. Ikiingia ndani ya seli hushikana na protini ya humo humo, siklofilini, kisha wawili hao wanamng'ang'ania mchukuzi mikono. Mawe hayatoki, mashua haiondoki, jeni imelala. Takrolimusi, dawa nyingine iliyotoka kwenye udongo wa Japani mwaka 1984, humshika mchukuzi yule yule, ila kwa msaada wa protini nyingine.

Dawa ikipungua mwilini, mchukuzi huponyoka. Ndiyo maana mgonjwa humeza vidonge asubuhi na jioni, kwa saa, miaka yote ya figo hiyo.

Na kwa kuwa askari wake wamezuiwa, mafua yenu kwake ni jambo kubwa. Ukiwa unapiga chafya, msalimie ukiwa mlangoni.